Eneo la misitu Tanzania na Kenya tangu 1990: mwaka mmoja, namba tatu. Nitumie ipi?

MsomaTakwimu:

Wakuu, naandaa chati ya eneo la misitu Tanzania na Kenya kuanzia 1990, na nimekwama kabla hata ya kuchora mstari wa kwanza. Namba zote nimezitoa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), kwenye zile tathmini za misitu duniani zinazotoka kila baada ya miaka mitano, lakini mwaka uleule una namba yake katika kila ripoti. Mfano mwaka 2010:

Tanzania: ripoti ya 2010 inasema hekta milioni 33.4, ya 2015 inasema milioni 47.9, ya 2020 inasema karibu milioni 50.
Kenya: ripoti ya 2010 inasema hekta milioni 3.47, ya 2015 inasema milioni 4.23.

Juu ya hapo, Kenya wenyewe wametangaza msitu asilimia 8.83 wakati ripoti ya FAO ya 2020 ina 6.3. Nichukue ipi? Je, ni halali kuunga ripoti moja na nyingine ili nipate mfululizo mrefu? Na kwa kuwa nchi hazilingani ukubwa, nilinganishe hekta, asilimia au kasi ya mabadiliko?

Mkaguzi_Nyika:

Usiunge ripoti. Ukishaunga, hakuna hesabu itakayokuokoa. Chukua 1990 ya Tanzania kutoka ripoti ya 2010 (hekta elfu 41,495) uiweke kando ya 2020 kutoka ripoti ya 2020 (hekta elfu 45,745): utatangaza kwamba Tanzania imeongeza msitu wa hekta milioni 4.25 kwa miaka 30. Ripoti ya 2020 ikisomwa peke yake inasema kinyume kabisa: 57,390 mwaka 1990, 45,745 mwaka 2020, yaani pungufu ya hekta milioni 11.6.

Kilichotokea katikati ni NAFORMA, tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara. Kabla yake FAO ilikuwa ikipelekewa namba zilizotokana na ramani za zamani, zikisogezwa mbele kwa makadirio. NAFORMA ilipeleka watu porini wakapima viwanja vya sampuli zaidi ya 30,000, na matokeo yake, yaliyochapishwa 2015, yakawa hekta milioni 48.1, sawa na asilimia 55 ya nchi kavu ya Bara. Hakuna mti uliopandwa kati ya milioni 33.4 na milioni 47.9. Ni kipimo kilichobadilika, na tofauti hiyo peke yake (hekta milioni 14.5) ni zaidi ya mara tatu ya msitu wote wa Kenya.

Kila toleo jipya la FAO huandika upya historia yote hadi 1990 kwa kufuata kipimo kipya. Kwa hiyo kanuni ni: toleo moja, nchi zote mbili, miaka yote. Toleo jipya likitoka, futa safu nzima uingize upya. Usiongeze mwaka mmoja mwishoni mwa safu ya zamani. Kwenye jedwali lako weka safu ya "toleo" kando ya kila namba, maana baada ya miezi sita hutakumbuka ipi ilitoka wapi.

Ukichukua data kutoka Benki ya Dunia badala ya FAO, chanzo ni kilekile. Kiashiria AG.LND.FRST.K2 ni kilomita za mraba na AG.LND.FRST.ZS ni asilimia ya nchi kavu. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, kwa hiyo 45,745 ya FAO (iliyo kwa maelfu ya hekta) ni 457,450 kule. Wengi hukosea sifuri hapo. Andika na tarehe uliyopakua, kwa sababu nao hubadilisha safu nzima FAO ikibadilisha.

Mto_Tana:

Naongezea upande wa Kenya, kwa sababu hapo kwa 8.83 na 6.3 kuna mambo mawili yamefungwa pamoja na watu huona moja tu.

La kwanza ni nini kinaitwa msitu. FAO inataka eneo lisilopungua nusu hekta, miti inayofika au itakayofika mita 5, na mwavuli wa matawi unaofunika angalau asilimia 10 ya ardhi, na ardhi yenyewe isiwe ya kilimo wala ya mji. Kenya, kwenye hesabu zake za kaboni ya misitu, inatumia nusu hekta hiyohiyo lakini urefu ni mita 2 na mwavuli asilimia 15. Tanzania ni nusu hekta, mita 3, asilimia 10. Urefu ndio unaobadilisha mambo zaidi katika nchi kavu kama yetu. Mathenge (Prosopis, mti wa maeneo makavu) ya Baringo na Tana River hufika mita 2 bila shida, lakini mita 5 ni habari nyingine. Ukishusha urefu, maeneo makavu yanaingia. Ukipandisha mwavuli kutoka 10 hadi 15, baadhi yanatoka tena. Kwa hiyo huwezi kusema tafsiri ya Kenya ni "pana" au "finyu" moja kwa moja; inategemea uko kaunti gani.

La pili ni kigawanyo, na hili halizungumzwi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilitoa msitu hekta 5,226,191.79 na eneo lenye miti kwa jumla hekta 7,180,000.66. Gawanya mwenyewe: ili upate asilimia 8.83 na 12.13, kigawanyo lazima kiwe karibu hekta milioni 59.2, yaani eneo lote la nchi pamoja na maji. FAO inagawa kwa nchi kavu pekee, hekta milioni 56.9. Ukitumia kigawanyo cha FAO, msitu wa 2021 unakuwa asilimia 9.2 na eneo lenye miti 12.6. Kwa hiyo usiweke 8.83 ya Kenya kando ya 51.6 ya Tanzania kwenye chati moja. Hiyo 51.6 ni ya FAO, imegawanywa kwa nchi kavu (45,745 kwa 88,580).

Na tafadhali usichanganye 12.13 na 8.83. Ya kwanza inahesabu miti popote ilipo, hata mashambani na kando ya boma. Ndiyo inayolinganishwa na Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010, kinachotaka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi kavu. Katiba inazungumzia miti, haikusema misitu. Kila mwaka magazeti huandika kwamba "misitu ya Kenya imevuka asilimia 12" na kila mwaka ni kosa lilelile.

Mkaguzi_Nyika:

@Mto_Tana hapo kwenye kigawanyo umesema jambo la maana. Kwa Tanzania mtego ni mkubwa zaidi kwa sababu ya maziwa: eneo lote ni kama hekta milioni 94.7, nchi kavu milioni 88.6. Ukigawa kwa eneo lote, 51.6 inashuka hadi 48.3. Pointi tatu zimepotea na hakuna aliyekata mti. Halafu NAFORMA ni ya Bara peke yake, FAO ni Muungano mzima. Tofauti ya Zanzibar kwa hekta ni ndogo, ila andika chini ya chati.

Sasa kuhusu kasi. Natumia toleo la 2015 hapa kwa sababu ndilo linaloonyesha tatizo vizuri. Kazi yako ifanye kwa toleo jipya zaidi, hatua ni zilezile. Hekta elfu:

Mwaka | Tanzania | Kenya
1990 | 55,920 | 4,724
2000 | 51,920 | 3,557
2005 | 49,920 | 4,047
2010 | 47,920 | 4,230
2015 | 46,060 | 4,413

Kasi ya mwaka usiipate kwa kugawa asilimia ya jumla kwa miaka. Tumia ya kulimbikiza: gawa eneo la mwisho kwa la mwanzo, pandisha kwa kipeo cha moja gawanya kwa idadi ya miaka, kisha toa moja. Kwenye Excel, kama mwanzo uko B2 na mwisho B6: =(B6/B2)^(1/25)-1. Idadi ya miaka ni 2015 kutoa 1990, yaani 25. Watu huhesabu mistari ya jedwali wakaandika 5.

Kuanzia 1990: Tanzania −0.77% kwa mwaka, Kenya −0.27%.
Kuanzia 2000: Tanzania −0.80%, Kenya +1.45%.

Umeona? Tanzania haijali unaanzia wapi. Kenya inabadilika kutoka nchi inayopoteza hadi nchi inayoongeza msitu, kwa kuchagua mwaka wa mwanzo tu. Ukikuta makala inasema Kenya inafanya vizuri au vibaya, angalia kwanza imeanzia mwaka gani kabla hujasoma sababu walizotoa. Wewe onyesha vipindi vyote viwili.

Halafu tazama tofauti kati ya mistari, ndipo utajua ni kipi kimepimwa na kipi kimevutwa kwa rula. Tanzania 1990 hadi 2010: elfu 4,000 kwa kila miaka 10, kamili. Kenya 2005 hadi 2010: +183. 2010 hadi 2015: +183. Asili haifanyi hivyo. Ni mstari mmoja ulionyooshwa. Toleo la 2020 la Tanzania nalo ni hivyohivyo: 57,390, 53,670, 49,950, yaani 3,720 kila miaka 10, na ukikumbuka kwamba upotevu wa mwaka kwa mujibu wa NAFORMA ni hekta 372,816, unajua rula ilitoka wapi. Maana yake kwenye toleo hilo huwezi kujibu swali la aina "je, upotevu wa miaka ya 1990 ulikuwa mkubwa kuliko wa 2000–2010?" Jibu limeshawekwa ndani ya data: ni sawa. Mabadiliko yanaanza kuonekana 2010–2020 pekee, wastani wa hekta 421,000 kwa mwaka, kasi −0.88%. Kwa hekta, hiyo iliiweka Tanzania nafasi ya tano duniani kwa upotevu katika muongo huo, baada ya Brazil, Kongo (DRC), Indonesia na Angola.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie miaka ya katikati ya Benki ya Dunia (1991, 1992 na kuendelea) kama vipimo vinavyojitegemea. Ni namba zilizojazwa kati ya nguzo mbili. Ukiziingiza kwenye mlinganyo wa takwimu utapata uhusiano mzuri ajabu, na hauna maana yoyote.

MsomaTakwimu:

Shukrani sana, nilikuwa natumia 1991–1999 kama data kamili. Swali la nyongeza: kwa nini nisiachane na ripoti zote hizi nikatumia setilaiti moja kwa nchi zote mbili? Tafsiri moja, kila mwaka, na hakuna serikali inayojaza fomu. Ile ramani ya Chuo Kikuu cha Maryland inayotumiwa na Global Forest Watch ni bure.

Bi_Ramani:

Ni wazo zuri kwa nusu ya kazi. Inakupa upotevu wa mwaka kwa mwaka tangu 2001 kwa kipimo kimoja, na hilo FAO haiwezi. Lakini haipimi kitu kilekile, na Tanzania na Kenya ni mahali ambapo tofauti hiyo inauma.

Ramani ile inahesabu mimea yenye urefu wa zaidi ya mita 5 popote ilipo. Mikorosho ya Mtwara, minazi ya pwani, mikaratusi iliyopandwa shambani, vyote ni miti kwake. FAO inaviondoa vile vya kilimo: korosho na nazi si msitu hata vikifunga mwavuli. Upande wa pili, ukivunwa msonobari wa Sao Hill kule Mufindi, setilaiti inaandika upotevu, lakini kwa FAO pale bado ni msitu maana patapandwa tena. Kenya vilevile: shamba la serikali lililovunwa likapewa wananchi walime mahindi katikati ya miche kwa miaka michache ya kwanza, FAO inaliita msitu, picha inaonyesha mahindi.

Kizingiti cha mwavuli. Tovuti inakuja ikiwa imewekwa asilimia 30. Kwa Kongo sawa. Tanzania zaidi ya asilimia 90 ya msitu ni miombo na mapori ya aina hiyo, mengi yana mwavuli mwembamba, na kwa 30 unayafuta hata kabla hujaanza. Shusha hadi 10, na ushushe kwa nchi zote mbili. Ukishusha, makosa nayo yanaongezeka: miombo hupukutisha majani kiangazi na moto hupita karibu kila mwaka, hivyo picha ya Agosti na ya Machi ni kama za nchi mbili. Sehemu ya "upotevu" itakuwa moto, na sehemu ya upotevu wa kweli, hasa uchomaji mkaa unaochagua mti mmoja mmoja, haitaonekana kabisa.

Tena: namba ya upotevu ni ya ghafi. Haitoi kilichoota upya, na ongezeko halitolewi mwaka kwa mwaka. Usiilinganishe na badiliko la FAO, ambalo ni la halisi baada ya kutoa na kuongeza. Hata ndani ya Tanzania utakutana na mchanganyiko huu: hekta 469,420 kwa mwaka, inayotajwa sana, ni ufyekaji ghafi wa 2002–2013 kwenye hesabu za kaboni. Ile 372,816 ya NAFORMA ni kitu kingine.

Na mfululizo wenyewe una kiungo: utaratibu wa kutambua upotevu uliboreshwa kwa data za kuanzia 2011. Mstari ukipanda baada ya hapo, sehemu inaweza kuwa macho makali zaidi tu. Kwa kulinganisha nchi mbili ndani ya mwaka mmoja hili halikusumbui sana; kwa mwelekeo wa miaka 20 linasumbua.

Ukiamua kuhesabu mwenyewe, kosa la kwanza ni ukubwa wa pikseli (kile kimraba kidogo kabisa cha ramani). Kila mtu anaandika mita 30 kwa 30, hekta 0.09. Pikseli ya ramani ile ni nyuzi 0.00025, ambayo hapa kwenye ikweta ni mita 27.8, yaani hekta 0.077. Ukizidisha kwa 0.09 umeongeza asilimia 16 kwa Kenya, na kusini mwa Tanzania, kwenye latitudo 10, karibu 18. Kwenye QGIS (programu ya ramani) badilisha kwanza ramani iwe kwenye projeksheni inayohifadhi eneo, ndipo uhesabu. Usihesabu kwenye nyuzi.

Kuhesabu pikseli bado si makadirio ya eneo. Pikseli zilizobandikwa alama isiyo sahihi hazifutani zenyewe. Njia inayokubalika ni kutupa sampuli za nasibu ndani ya kila tabaka (msitu uliobaki, uliopotea, usio msitu), kuzisoma moja moja kwenye picha kali kwa macho, halafu kurekebisha eneo na kutoa kiwango cha makosa. Collect Earth ya FAO ni ya bure na imetengenezwa kwa kazi hiyo. Tabaka la "uliopotea" lipe sampuli nyingi kuliko linavyostahili kwa ukubwa wake, la sivyo utapata nukta tano humo na kiwango cha makosa kikubwa kuliko jibu.

Mto_Tana:

Kweli tupu. Ila mimi nisingemshauri aanze na setilaiti kwa chati moja. Toleo la FAO kwa eneo, setilaiti kama chati ya pili kwa upotevu wa mwaka, zisikae kwenye mhimili mmoja.

Jambo jingine: usitumie eneo lililotangazwa kisheria kuwa hifadhi ya msitu kama badala ya msitu. Kwa Kenya, sehemu kubwa za msitu wa Mau zilibaki msitu kwenye gazeti la serikali huku zikilimwa. Tanzania ni kinyume, karibu nusu ya msitu iko kwenye ardhi ya vijiji, kwa hiyo orodha ya hifadhi za serikali itakukosesha nusu hiyo.

MsomaTakwimu:

Basi kuhusu ukubwa tofauti: hekta, asilimia au kwa kila mtu?

Mkaguzi_Nyika:

Kwa mwelekeo, weka 1990 kuwa 100 kwa nchi zote mbili. Kwa toleo la 2015, Tanzania inafika 82.4 na Kenya 93.4, baada ya Kenya kushuka hadi 75.3 mwaka 2000. Hapo ukubwa wa nchi hauingilii. Hekta kamili ziweke kwenye jedwali pembeni, kwa sababu asilimia 1 ya Tanzania ni karibu hekta nusu milioni na ya Kenya ni kama elfu 40. Mhimili wa wima usianzie sifuri kwenye chati ya 100, anzia 70, na uandike hivyo.

Asilimia ya nchi kavu itaje mara moja tu. Kulinganisha 51.6 na 6.3 kama mashindano ya utunzaji si haki: sehemu kubwa ya Kenya ni nyika kavu ambayo haikuwa na msitu hata kabla ya shoka, na Tanzania ina ukanda wa miombo.

Bi_Ramani:

Kwa kila mtu inawezekana, ila sensa hazikai mwaka mmoja: Kenya 2019 watu milioni 47.6, Tanzania 2022 milioni 61.7. Kwa eneo la 2020 unapata karibu hekta 0.08 kwa Mkenya na 0.74 kwa Mtanzania. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba miaka miwili mitatu haibadilishi picha. Ukitaka mfululizo tangu 1990, tumia makadirio ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa kwa nchi zote mbili, usichanganye sensa na makadirio. Na jua kwamba mstari utashuka kwa sababu ya watu zaidi kuliko miti, hasa Kenya baada ya 2000 ambako, kwa toleo la 2015, eneo lilipanda.

Chini ya chati andika mambo manne: toleo la ripoti, tafsiri ya msitu (mita 5, asilimia 10, nusu hekta), kigawanyo ni nchi kavu, na miaka ipi imepimwa na ipi imekadiriwa. Hiyo ya mwisho utaipata kwenye ripoti ya kila nchi ndani ya FAO, sehemu ya 1a, ambako wameorodhesha vyanzo na mwaka wa kila ramani. Anza kusoma hapo kabla ya kugusa namba.